Skwati, mashine au mguu mmoja mmoja: uchague nini kama unataka mapaja makubwa yenye nguvu

Jimu yoyote utakayoingia, iwe ya mtaani yenye vyuma vya saruji au ya hotelini yenye kiyoyozi na vioo kila ukuta, kuna mtu atakwambia hamna mguu bila skwati, yani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni, alafu pembeni yake kuna mwingine ana miaka hajagusa skwati na mapaja yake yanabana kila suruali anayovaa. Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake, na anayeanza mazoezi anabaki katikati hajui amfuate nani. Jibu langu nalitoa hapahapa juu: skwati ya chuma mgongoni sio lazima ili upate miguu mikubwa. Cha lazima ni zoezi moja ambalo goti linakunjwa sana likiwa limebeba mzigo, na zoezi lingine la nyuma ya paja, na yote uyapige mpaka ukaribie kushindwa, wiki baada ya wiki, uzito ukiwa unapanda. Skwati ni njia moja ya kufanya hilo la kwanza, njia nzuri sana na mi naipenda, ila hilo la pili haikufanyii hata kidogo.

Sasa tuzipambanishe moja moja maana kila njia ina mtu wake.

Skwati yenyewe inajenga nini

Mbele ya paja kuna misuli minne. Mitatu kazi yake ni kunyoosha goti tu, na hiyo skwati inaijenga vizuri mno. Wa nne, ule unaoshuka katikati kabisa ya paja, umeanzia juu ya kiungo cha nyonga, kwahiyo ukichuchumaa unalegea kwa juu wakati uleule unavutwa kwa chini kwenye goti, urefu wake unabaki karibu palepale na ndo maana skwati haiutikisi sana. Nyuma ya paja ni stori ileile kinyume chake, misuli ya huko nayo inavuka nyonga na goti, ukishuka inavutwa juu inalegea chini, ukipanda hivohivo.

Hii imepimwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Japani, kina Kubo, waliwapigisha wanaume skwati kwa wiki 10, mara mbili kwa wiki, kundi moja linashuka mpaka chini na lingine linaishia nusu, wakawapima misuli kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kabla na baada. Misuli ya kunyoosha goti ilikua karibu sawa kwa wote, kama asilimia 5 hivi. Makalio na ndani ya paja ndo palipotofautiana, walioshuka mpaka chini makalio yao yalikua asilimia 6.7 na walioishia nusu 2.2, ndani ya paja 6.2 kwa 2.7. Na ule msuli wa katikati ya paja pamoja na ile ya nyuma? Haikukua, kundi lolote lile.

Kwahiyo kama unapiga skwati, shuka, nusu skwati yenye pleti (vyuma vya duara vya uzito) nyingi inakunyima makalio na ndani ya paja ambako ndo kwenye nyama nyingi. Na kama skwati ndo zoezi lako pekee la mguu ujue utakuja kusimama ubavu kwenye kioo ukute paja lina mbele halina nyuma. Hapo wale wanaosema skwati ni mwanzo na mwisho wa mguu wanawapoteza watu.

Skwati na mashine ya kusukuma kwa miguu

Hapa ndo ubishi mkubwa ulipo, skwati na legi presi, ile mashine unalala umeegemea kiti unasukuma bati lenye vyuma kwa nyayo.

Ushahidi wa watu upo pande zote mbili. Tom Platz, Mmarekani, mpaka leo wapenzi wa kutunisha misuli wakitaja miguu bora kuwahi kutokea jina lake linakuja mapema, na yeye alikuwa mtu wa skwati haswa, aliwahi kupiga paundi 525 ambazo ni kama kilo 238, mara 23 kwa mkupuo mmoja. Upande wa pili yupo Dorian Yates, Mwingereza wa Birmingham, bingwa wa Mr. Olympia, shindano kubwa la kutunisha misuli, mara sita mfululizo kuanzia 1992 mpaka 1997. Huyu skwati ya chuma huru aliiweka pembeni, akasema haiendani na umbo lake, miguu ya ubingwa akaijenga kwa legi presi, hak-skwati (mashine ya kuchuchumaa ukiwa umeegemea mgongo) na legi ekstensheni (mashine ya kukaa na kunyoosha goti). Ukimleta Platz kama ushahidi na Yates lazima umpokee.

Kinachowachanganya wengi ni hesabu ya kilo. Mtu anapiga skwati kilo 80 anamwona mwenzake kwenye presi kaweka 200 anajiona dhaifu. Tuhesabu kidogo. Kwenye skwati unanyanyua chuma pamoja na mwili wako karibu wote, unaobaki chini ni miguu tu kuanzia magoti kushuka. Mtu wa kilo 75 mwenye chuma cha kilo 80 mgongoni miguu yake inapandisha kama 145. Kwenye presi ile ya kuinama, inayoteleza kwenye reli za nyuzi 45, uzito haushuki wima, sehemu yake inabebwa na reli zenyewe, kwahiyo kilo 200 za pleti mguu unazisikia kama 140 hivi, ukiongeza na uzito wa bati lenyewe ambao kila mashine ina wake. Na mwili wako umelala kitini, haubebwi na mtu. Hao wawili wanaweza kuwa wanafanya kazi karibu sawa tu. Usilinganishe namba za mashine na namba za chuma huru, na hata mashine kwa mashine usilinganishe, fuatilia tu kama namba yako kwenye mashine yako inapanda.

Faida za presi ni za kweli. Mgongo umepumzika, kwahiyo kinachochoka ni mguu na sio kiuno, unaweza ukaisukuma seti, yani mkupuo mmoja wa marudio, mpaka mguu ugome bila hofu ya chuma kukulalia mabegani kwa sababu zile kabari za pembeni zipo (zicheki kabla hujaanza, mashine nyingine mtaani zimeshakatika na hamna aliyesema). Hamna mizani ya kujifunza, leo umeanza na leoleo unapiga seti ya maana. Mwenye mgongo mbovu au bega lisilokunjika kushika chuma nyuma ya shingo hii ndo njia yake.

Ila ndo mashine yenye udanganyifu kuliko zote. Kaa pembeni uangalie jioni moja jimu ikiwa imejaa, jamaa anapanga pleti mpaka nafasi inaisha, anaachia kabari, bati linashuka sentimita kumi tu linarudi, mikono yote miwili imekandamiza magoti kuyasaidia, seti imeisha anashangiliwa. Hapo goti halijakunjika na paja halijafanya kitu. Mwingine anakosea upande wa pili, anashusha mpaka magoti yanagusa kifua, kwa chini kule makalio yanabanduka kwenye kiti na kiuno kinajikunja kikiwa na mzigo wote ule, na hapo ndo mtu anatoka na maumivu ya mgongo kwenye mashine aliyoifuata ili kuukwepa mgongo. Kipimo ni rahisi, shusha mpaka pale ambapo mfupa wa mkia bado umeganda kwenye kiti, usizidishe. Nyayo ukiziweka chini ya bati mbele ya paja inafanya kazi zaidi, ukizipandisha juu makalio yanaingia.

Na kuna jambo halisemwi sana. Watu wanaona mashine ni salama kwa kila mtu kwa vile umekaa. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada, kina MacDougall, waliwapima watunisha misuli presha ndani ya mshipa wakiwa wanasukuma legi presi nzito, wastani wa kilele ulifika 320 kwa 250. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo inapanda inashuka, sekunde chache imeisha, ila kama una presha usije ukabana pumzi kwenye presi nzito eti kwa sababu umekaa kwenye kiti, ongea na daktari kwanza, punguza uzito, toa pumzi unaposukuma.

Uamuzi wangu hapa: kama shida yako ni ukubwa tu, presi iliyoshushwa vizuri inakufikisha, sioni sababu ya kumlazimisha mtu skwati. Kama unataka na nguvu ya mwili kusimama na mzigo, kiuno na mgongo vikiwemo, skwati inaishinda presi na wala sio kwa kidogo.

Skwati na mguu mmoja

Hili ndo pambano nalolijali kuliko yote kwa sababu linawahusu wengi wetu.

Jimu zetu nyingi za mtaani chuma ni bomba, kila mwisho wa bomba kuna kopo la rangi lililojazwa zege likakauka, benchi la mbao, na pengine mti wa kuninginia. Stendi ya skwati, zile nguzo za kuwekea chuma usawa wa mabega, hamna. Sasa skwati bila stendi inakuwaje? Unalitoa bomba chini, unalirusha mabegani, unalipitisha juu ya kichwa mpaka nyuma ya shingo, ndo unaanza. Maana yake uzito utakaopiga skwati ni ule mikono na mabega yako yanaoweza kuurusha juu, na miguu ya mtu yeyote ina nguvu kuliko mabega yake, tena mbali. Mabega yakiishia kilo 50 miguu nayo inaishia kilo 50, inapiga marudio mengi tu haipati mzigo wake. Njia nyingine ni washkaji wawili wakuwekee mgongoni na wasimame hapo wakusubiri, siku mmoja hajaja mazoezi yamekufa, na siku ukishindwa kule chini unalitupa nyuma, na nyuma kuna mtu. Mi kwa hali hiyo sishauri skwati nzito kabisa.

Hapo ndo inapoingia ile wanaiita skwati ya Kibulgaria. Mguu mmoja mbele chini, wa nyuma juu ya benchi umelaza mgongo wa unyayo, unashuka mpaka goti la nyuma likaribie ardhi, unapanda. Mguu wa mbele unabeba sehemu kubwa ya mwili wako peke yake kabla hujashika hata kilo moja, kwahiyo mzigo mdogo unatosha. Dambeli mbili za kilo 20, au madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, lita moja ya maji ni kilo moja kwahiyo una kilo 40 mikononi na huhitaji stendi wala mtu wa kukusubiri, ukishindwa unayaachia yanakaa chini basi.

Swali linakuja, ina nguvu kweli au ni zoezi la kujifariji? Mwaka 2016 walipimwa vijana 18 wa raga kwenye akademi, nusu wakapiga skwati ya kawaida ya miguu miwili na nusu hii ya mguu mmoja tu, wiki 5. Mwisho wakapimwa wote nguvu ya skwati ya miguu miwili na mbio fupi. Makundi yote yakapanda, na tofauti ya maana kati yao haikuonekana. Yani waliokuwa hawapigi skwati ya miguu miwili kabisa nao skwati yao ilipanda. Ni watu wachache na muda mfupi, ila kwa mchezaji wa mpira au raga hilo ni jibu tosha, wiki chache za kukosa stendi haziwezi kukuangusha.

Hasara zake nazo nizitaje maana zipo. Kwanza inachukua muda, seti 4 zinakuwa 8 kwa vile kila mguu na zamu yake, na pumzi inakata kweli, wengi wanaiacha kwa sababu ya pumzi na sio mguu. Pili wiki za mwanzo unayumba, na ukiyumba misuli haipati kazi inayostahili, sasa usione aibu, simama karibu na ukuta au nguzo uishike kwa mkono mmoja na mkono mwingine ndo ubebe dumu, ukishazoea unaachia. Tatu vidole vinachoka kabla ya paja, hasa kwenye madumu maana kamba ya dumu inakata, zungushia kitambaa au vaa begi la mgongoni lenye mchanga. Na benchi lisiwe refu, liwe chini kidogo ya goti, likiwa refu nyonga ya nyuma inavutwa na kiuno kinapinda. Ukitaka mbele ya paja zaidi weka mguu wa mbele karibu kidogo na benchi uache goti liende mbele, ukitaka makalio peleka mguu mbali na uinamishe kifua kidogo.

Lanji za kutembea, zile hatua ndefu unazopiga huku goti la nyuma likishuka karibu na ardhi, ni ndugu yake, nzuri, ila kuziongezea uzito mkubwa ni kazi na kiwanja kinahitajika. Kama una nafasi piga, mi nazipa namba mbili.

Kwahiyo kati ya skwati na mguu mmoja: una stendi imara yenye vyuma vya kuzuia pembeni, skwati inakuokolea muda na inapanda uzito kirahisi. Huna stendi, mguu mmoja, wala usijiulize mara mbili.

Skwati na kusukuma nyonga

Hii ya kuegemeza mgongo kwenye benchi, chuma juu ya nyonga, alafu unainua makalio, imeshika sana saivi, dada zetu ndo wameileta kwa nguvu na wanaume wanaifuata kimyakimya. Mwaka 2023 walilinganishwa wasiozoea mazoezi kwa wiki 9, kundi la skwati na kundi la kusukuma nyonga. Makalio yalikua karibu sawa kwa wote, mapaja yakakua zaidi kwa waliopiga skwati. Na kila kundi likawa na nguvu zaidi kwenye zoezi lake. Basi, ukitaka makalio peke yake bila kukuza paja, nyonga. Ukitaka mguu mzima, hii haichukui nafasi ya skwati wala ya presi.

Nyuma ya paja na ule msuli wa katikati

Hapa skwati haina mpinzani kwa sababu haichezi kabisa, kwahiyo hata uwe shabiki wa skwati wa kufa na kuzikana bado utahitaji vitu viwili.

Cha kwanza ni cha nyuma. Dedilifti ya Kiromania, chuma umekishika mikononi mbele ya mapaja, magoti yamelegea kidogo tu, makalio yanasukumwa nyuma mpaka usikie nyuma ya paja inavutika, mgongo umenyooka, unarudi. Hii bomba la zege linaitosha kabisa maana unalinyanyua kutoka chini, stendi haihitajiki. Zoezi lingine la nyuma ni legi kali, mashine ya kukunja goti. Kama jimu yako ina mbili, ya kulala kifudifudi na ya kukaa, chagua ya kukaa, mwaka 2021 kina Maeo wa Japani waliwapima watu kwa wiki 12, mguu mmoja wa kukaa na mwingine wa kulala, aliyekaa misuli ilikua asilimia 14 na ya kulala 9. Sababu ni kwamba ukikaa nyonga imekunjwa, misuli imevutwa, inafanya kazi ikiwa ndefu. Huna mashine, piga magoti juu ya mkeka, mwenzako akukandamize vifundo vya miguu, jiachie kwenda mbele taratibu kadri unavyoweza, ukifika chini jisukume kwa mikono urudi. Ni ngumu kuliko inavyoonekana, mara 5 zinatosha kwa kuanzia, na kesho yake utatembea kwa adabu.

Cha pili ni ule msuli wa katikati ya paja. Legi ekstensheni ndo dawa yake, unakaa unanyoosha goti. Asiye na mashine apige magoti, anyooshe mwili kuanzia goti mpaka kichwa, alafu ajilaze nyuma taratibu bila kukunja nyonga, arudi. Anza kidogokidogo kama goti halijazoea.

Nguvu ni nguvu ya nini?

Mtu akisema anataka miguu yenye nguvu mi namuuliza nguvu ya kufanya nini, maana nguvu inakaa kwenye lile unalolizoea. Fred Hatfield, Mmarekani, mwaka 1987 akiwa na miaka 45 alipiga skwati ya paundi 1,014, kilo 460. Kule hafiki mtu kwa legi presi, lazima upige skwati na uipige nzito, kwa marudio machache, mwili ujifunze. Kama unaingia mashindano ya kunyanyua uzito, au kochi wako anakupima kwa skwati, au tu unataka siku moja ubebe mara mbili ya uzito wako mgongoni, skwati kwako ni lazima na ubishi umeisha.

Lakini kama nguvu unayoitaka ni ya kubeba gunia kupandisha ngazi, kukimbia uwanjani dakika 90, kusukuma mkokoteni, hiyo inatoka kwenye njia nyingi. Mpira wenyewe muda mwingi unachezwa kwa mguu mmoja, kupiga, kuruka, kugeuka. Mtu wa hivyo akiwa na mguu mmoja mmoja na dedilifti hapungukiwi.

Magoti

Wapo wanaokimbia skwati kwa sababu waliambiwa inaua magoti. Maneno hayo yalipata nguvu miaka ya 1960 Marekani, Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alisema kushuka chini kunalegeza kano za goti, waliokuja kupima baada yake hawakuona hivyo kwa watu wazima wenye magoti mazima. Na huku kwetu watu wanachuchumaa kila siku, kufua, kupalilia, choo cha shimo, kuchuchumaa kwenyewe sio ugonjwa. Kinachoumiza ni kuongeza kilo haraka kuliko mwili unavyozoea. Kama visigino vinanyanyuka ukishuka, weka kibao chembamba au pleti ndogo chini ya visigino, utashangaa unavyoshuka wima. Mwenye mapaja marefu ataegemea mbele zaidi ya wenzake, ndo mifupa yake ilivyo, ajaribu kushika dambeli moja kifuani badala ya chuma mgongoni. Goti likichoma kwa ndani, likivimba au likikwama, hiyo sio ya kubishana jimu, nenda kwa mtu wa fiziotherapia.

Sasa uchague

Uko jimu yenye stendi na mgongo mzima: skwati ya kushuka chini iwe zoezi la kwanza ukiwa na nguvu, alafu dedilifti ya Kiromania, alafu legi kali. Presi iingie mwishoni kumalizia kama bado una kitu. Uko jimu ya mashine na hujisikii kabisa kubeba chuma mgongoni, au mgongo hauruhusu: legi presi, legi kali ya kukaa, legi ekstensheni, na usimsikilize anayekwambia haupigi mguu. Uko jimu ya zege au nyumbani na madumu: mguu mmoja, dedilifti, na lile la kujiachia mbele kwa magoti. Kama ningeambiwa nichague kundi moja tu kwa kijana ambaye ndo anaanza na hana hela ya jimu kubwa, ningempa hilo la tatu bila kusita, kwa sababu anaweza akalifanya mwaka mzima bila kukosa, na skwati ya kukosakosa haiwezi kushindana na hilo.

Kiasi, lenga kama seti 10 kwa wiki kwa mbele ya paja na karibu hizohizo kwa nyuma, ugawe siku mbili, siku moja utachoka tu zile za mwisho ziwe za kupoteza. Marudio yawe 6, 12 au hata 25, yote yanakuza ilimradi seti uiache ukiwa umebakiza moja au mbili tu kabla ya kushindwa. Wanaobeba madumu watajikuta kwenye marudio mengi na hamna ubaya. Kula nako, protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mtu wa kilo 70 ni 112, yai moja lina kama 6, kwahiyo mayai peke yake hayafiki, weka dagaa, maharage, samaki, maziwa.

Vigimbi nimeviacha mwisho kwa sababu hamna zoezi hata moja hapo juu linalovikuza ipasavyo, skwati ikiwemo. Vinataka cha kwao, na hapo pia kuna kuchagua. Kunyanyua visigino ukiwa umekaa na uzito juu ya magoti na kunyanyua ukiwa umesimama zililinganishwa Japani mwaka 2023 kwa wiki 12, ule msuli mkubwa wa juu unaoonekana ulikua vizuri kwa kusimama na kwa kukaa karibu haukugusika, wa chini yake ukakua sawa kwa zote mbili. Kwahiyo simama. Ngazi ya mlangoni inatosha, nusu ya mbele ya unyayo iwe juu ya ngazi na kisigino kining'inie, mguu mmoja mmoja, goti limenyooka, shuka mpaka kisigino kipite usawa wa ngazi, tulia kidogo chini pale kabla hujapanda usidunde, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika dumu. Seti 4 mpaka 5 mara mbili kwa wiki, zipige mwisho kabisa wa mazoezi.